Mkamuzi Mafuta na Muuza Chumvi wa Barzama

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye anayeijua kweli yote, kwamba palikuwa na mji mdogo uitwao Barzama, kando ya mto unaoshuka kutoka milima ya theluji. Kila mwaka theluji ilipoyeyuka mto ulifura, na kilichouzuia usiwaingilie watu majumbani mwao ni tuta la mawe na udongo lililojengwa na mababu. Mwaka mmoja tuta hilo likapasuka. Maji yakachukua mashamba, yakachukua mifugo, na yakachukua watu ambao miili yao haikuonekana tena, wakaswaliwa swala ya ghaibu katika msikiti ambao kuta zake zilikuwa bado zinanuka tope.

Maji yalipopungua, watu wa mji walikutana msikitini mbele ya Kadhi Yunus bin Qatada, Allah amrehemu. Tuta lilipaswa kujengwa upya, na safari hii kwa mawe makubwa ya kuletwa kutoka mbali. Mawe hayo yalikuwa na wenyewe, na waashi nao walikuwa na watoto wa kulisha. Basi swali likawa ni nani atoe, na atoe kiasi gani.

Miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo watu wawili ambao kisa hiki ni chao. Wa kwanza ni Habban bin Sinan, mwenye kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, mtu wa mali na wa kuaminiwa. Aliyenunua mafuta kwake hakuwa na haja ya kuyapima tena nyumbani. Wa pili ni Dhakwan bin Rabah, muuza chumvi. Huyu alizaliwa mtumwa. Alibeba chumvi ya bwana wake mgongoni tangu utotoni, akaandikiana naye mkataba wa kujikomboa, akajikomboa, kisha akaendelea kubeba, sasa ikiwa chumvi yake mwenyewe, hadi akawa tajiri kuliko watoto wa bwana wake wa zamani. Mgongo wake ulibaki umepinda na ulimi wake ulibaki mkali, na watu wa Barzama walimheshimu bila kumpenda.

Dhakwan ndiye aliyesema kwanza. "Maji hayaulizi nyumba ni ya nani. Yanazamisha ya tajiri kama yanavyozamisha ya maskini, na tuta litamkinga huyu kama litakavyomkinga yule. Basi kila mlango utoe sawa. Mlango wangu dinari tatu, na mlango wa jirani yangu dinari tatu. Asije mtu kesho akasema alionewa."

Watu wakamtazama Habban, kwa kuwa neno lake lilikuwa na uzito. Habban akasema, "Amesema haki. Sote tu waja wa Mungu mmoja. Tutoe sawasawa."

Wala hakusema hivyo kwa tamaa. Aliamini alichokisema. Ila, ndugu zangu, rai inayompunguzia mtu mzigo ni nadra mtu huyo kuikalia chini na kuichunguza. Kadhi akapitisha, na kwa kuwa Habban ndiye aliyeaminiwa na wote, akateuliwa yeye kuwa amini wa kukusanya.

Akaanza kupita mlango kwa mlango. Kwenye milango ya juu, karibu na soko, alipokewa kwa maji ya matunda na akapewa dinari zake kabla hajakaa. Kwenye milango ya chini, katika mtaa wa wafinyanzi, watu walimfungulia polepole. Huko ndiko alikokaa Juwayra, mjane aliyefuma mablanketi ya sufu, pamoja na binti yake wa pekee aliyeitwa Rayta, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza amevunja ungo.

Juwayra alimtolea dinari moja, yote ikiwa ni vipande vidogo vidogo vya fedha. Akasema, "Bwana Habban, hii ndiyo akiba yangu. Nipe muda kwa zilizobaki."

Akampa muda. Aliporudi, mtambo wa kufumia haukuwapo tena. Pale uliposimama palikuwa na alama nne kwenye sakafu ya udongo. Alikuwa ameuuza, naye akatoa dinari ya pili. Habban alisimama kwa muda akizitazama zile alama. Moyoni mwake ilipita fikra ya kutoa ile ya tatu mfukoni mwake. Lakini akasema nafsini mwake: nikimlipia huyu, nitawalipiaje wengine wa mtaa mzima? Na nikiwalipia wote, uko wapi usawa tuliokubaliana? Akampa muda mwingine, akaondoka.

Mara ya mwisho alipofika, Juwayra alikuwa peke yake.

"Rayta yuko wapi?" Habban akamuuliza, kwa kuwa msichana yule ndiye aliyezoea kumfungulia mlango.

"Amechukuliwa na watu wa msafara. Atawatumikia nyumbani kwao, mji wa mbali. Wamenipa ujira wake wa mwaka mzima." Akanyoosha mkono. "Dinari ya tatu hii hapa, ni vipande vya fedha. Zihesabu."

"Sina haja ya kuzihesabu, Bibi Juwayra. Nakuamini."

"Zihesabu, Bwana Habban. Nataka uzishike moja moja."

Akazihesabu. Inasimuliwa kwamba mjane yule hakutoa chozi wala hakutamka laana, bali aliutazama mkono wa Habban hadi ulipokwisha kuhesabu, kisha akafunga mlango.

Haukupita msimu, msafara ule ukarudi bila Rayta. Homa ilimpata njiani, kwenye kisima kimoja cha jangwani, na hakukaa nayo sana. Walimzika kando ya njia, wakaweka jiwe, na hata jiwe lenyewe, walisema, hawakuwa na yakini kama wangelitambua tena.

Habban akaenda kumpa mkono wa taazia. Alikuta wanawake wa mtaa wamekaa kimya, nao walipomwona wakainuka mmoja mmoja wakatoka. Akabaki na Juwayra.

"Nimekuja kukutaka radhi," akasema.

"Kwa lipi? Ulikuja kuchukua kilichoamriwa. Hukuzidisha hata kidogo."

"Na hilo ndilo linaloniua. Sikuzidisha hata kidogo, na bado imekuwa hivi."

Mjane akasema maneno ambayo Habban aliyabeba maisha yake yote: "Haki yangu mimi nimekusamehe, na Mwenyezi Mungu awe shahidi. Lakini ya Rayta si yangu, siwezi kuisamehe. Hiyo mtakutana nayo wewe na yeye."

Habban akarudi kwake, na tangu siku ile watu walimwona amebadilika. Alikaa kinuni akimtazama ngamia wa kinu, aliyefungwa kitambaa machoni, akizunguka na kuzunguka, na mtu akimsemesha hujibu baada ya kuitwa mara ya pili.

Na ile kodi yenyewe, pamoja na machungu yake yote, haikutosha. Milango mingi ya mtaa wa chini ilifungwa, wenyewe wakahama kabla amini hajawafikia. Tuta likafika nusu ya kimo, fedha zikaisha, waashi wakaweka zana zao chini. Msimu wa baridi ulikuwa umeshaingia. Theluji ilikuwa ikirundikana milimani, na kila mtu alijua itageuka nini. Kadhi Yunus akawaita watu tena.

Safari hii Habban ndiye aliyesimama kwanza. Akamshukuru Mwenyezi Mungu, akamswalia Mtume, kisha akasema, "Mwaka huu nilisema katika msikiti huu kwamba kila mlango utoe sawa, na nimekuja kuyarudisha maneno yangu. Dinari tatu kwangu mimi zilikuwa mafuta ya asubuhi moja. Dinari tatu kwa mwingine zilikuwa mtoto. Tuliita hiyo sawa. Rai yangu ni kwamba mwenye riziki ya mkono na mdomo asiombwe kitu. Aliye na wasaa atoe fungu moja katika ishirini ya mali yake. Na sisi tulioneemeka, mimi nikiwemo, tutoe fungu moja katika tano."

Kelele ikapanda. Dhakwan akainua mkono wake, watu wakanyamaza, kwa sababu walijua kwamba atasema kile wanachokiogopa wao kukisema.

"Ndugu yangu Habban, Mungu amrehemu binti yule. Nami nililia niliposikia, ijapokuwa hakuna aliyeniona. Kosa la mwaka huu nakubali kuwa ni langu pia. Maskini wasamehewe, sina neno. Lakini wewe umeruka kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili. Tazama zaka. Mola wetu aliyeumba tajiri na maskini ameweka fungu moja katika arobaini, kwa mwenye kidogo kilichofika kiwango na kwa mwenye hazina. Hakusema kadiri unavyozidi kupata, fungu lako linenepe. Nipimieni fungu moja na wengine, nami kwa fungu hilohilo nitatoa zaidi ya mtaa mzima, na sitanung'unika. Kwa nini fungu langu lenyewe liwe kubwa kuliko la mwenzangu? Nimefanya dhambi gani?"

"Hukufanya dhambi," Habban akajibu. "Na zaka ni haki ya Mwenyezi Mungu, imewekwa, hatuigusi. Hili ni tuta. Mwenye pishi ishirini za unga akitoa moja, watoto wake wataiona siku ile chungu kimepungua. Mwenye pishi elfu akitoa hamsini, watoto wake hawatajua kama kimetoka kitu. Fungu ni moja, Dhakwan, lakini uchungu si mmoja."

"Na uchungu huo atapima nani? Kuna mizani yake sokoni? Dinari naweza kuipima mbele yako. Uchungu wangu hukuupima nilipokuwa nabeba chumvi ya mtu mwingine na ngozi ya mgongo imechubuka na chumvi imeingia ndani. Wakati ule hakuna aliyesema, huyu ana uchungu mwingi, mpunguzieni gunia. Nimekula mkavu ili nikusanye, na wenzangu wakila nyama. Leo nimekusanya, mnakuja kuniambia kwamba cha kwangu hakiumi. Tena sikilizeni: mnamsamehe kabisa asiye na kitu, halafu mnamwita aje kupiga kura ya mkono juu ya kitu changu. Mkono usiotoa ni mwepesi kuinuka. Mwaka huu fungu moja katika tano. Mwakani je?"

Habban alikuwa mtu mwadilifu, na alijua kuwa hoja ile haikuwa ya mtu mpumbavu. Akasema kwa sauti ya chini, "Sina mizani ya uchungu. Nimeshika vipande vya fedha vya mjane mkononi mwangu, kimoja kimoja. Hiyo ndiyo mizani niliyonayo. Na la mwakani silijui. Ninajua la theluji."

Basi pale pale akainuka mtu aliyeitwa Zurara bin Hamdun, mwenye ngamia wengi na maghala ya nafaka, mtu wa sauti nzuri aliyependwa na watu. Akalia hadi ndevu zikalowa. Akasema kwamba mali ni amana tu, kwamba matajiri wa Barzama watasimama uchi Siku ya Kiyama, na kwamba yeye binafsi anaona fungu moja katika tano ni dogo. Watu wakalia pamoja naye, wengine wakambusu mkono. Kadhi, alipoona mioyo imelainika, akapitisha rai ya Habban. Na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuijua mali ya kila mtu ila kwa ulimi wake, akaamuru kwamba Ijumaa ifuatayo kila mwenye wasaa aje aape mbele ya mihrabu, aseme anachomiliki.

Dhakwan akatoka akisema, "Sikushindwa kwa hoja. Nimeshindwa kwa machozi ya Zurara."

Katikati ya juma Zurara akamtembelea Habban kinuni. Akasifia mafuta, akauliza hali ya ngamia, kisha akasogea karibu. "Ndugu yangu, umesema maneno ya thawabu kubwa siku ile. Lakini wewe ni mtu wa nia safi mno, nami nakuhurumia. Ngamia wangu wengi nimewapeleka malishoni kwa mkwe wangu. Nafaka nimeihamishia shamba lake. Siku ya kuapa nitasema nilichonacho Barzama, na sitakuwa nimesema uongo. Wenzetu wote wanafanya hivyo. Nawe una mkwe, sivyo?"

"Kwa nini basi ulilia?" Habban akamuuliza.

Zurara akashangaa kwa kweli. "Kwa sababu niliguswa," akasema.

Habban alipomweleza mkewe, bibi aliyeitwa Safura, alimkuta tayari analijua jambo lile. Wanawake wa mji walikuwa wakihamisha majora ya nguo na vyombo vya fedha tangu Jumapili. Safura akamwambia, "Baba Nadhra, mimi sikuambii uape uongo. Mungu aniepushe. Lakini nataka ujue unachokifanya. Mawe yana bei yake, haibadiliki. Wakificha wao, kitakachopungua kitatafutwa kwa aliyesema kweli. Hutalipa fungu lako tu. Utalipa na uongo wao."

"Najua."

"Na mahari ya Nadhra imo ndani ya ule mtungi uliofukiwa chini ya ghala. Hakuna anayeujua ila mimi na wewe."

"Na mwingine mmoja," Habban akasema.

Safura akainamisha kichwa. "Na mwingine mmoja," akakubali, akaenda kupika, na hakulitaja tena jambo lile. Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwani subira ya mke katika kisa hiki haisimuliwi sana, nayo ilikuwa kubwa.

Ijumaa ikafika. Baada ya swala watu wakasogea mbele ya mihrabu mmoja baada ya mwingine. Laiti ungekuwapo ukaona jinsi mji wa Barzama ulivyofukarika siku ile! Wenye mashamba walikuwa na bustani. Wenye misafara walikuwa na punda. Zurara aliapa kwa sauti yake nzuri kwamba anamiliki nyumba moja, ghala moja na ngamia wachache waliochoka. Kadhi Yunus alisikiliza, na uso wake ulizidi kuwa mzito, lakini alikuwa ameamuru kiapo, na kiapo ndicho alichokipata.

Habban akasogea, akataja kinu, ngamia, mafuta yaliyomo ghalani na yaliyoko njiani, na mtungi uliofukiwa. Aliposema mtungi, watu walitazamana. Wengine wakatabasamu kama anavyotabasamiwa mtu aliyeanguka sokoni.

Akabaki Dhakwan. Watu wote walimngoja yeye, kwa kuwa ndiye aliyeipinga kodi ile waziwazi, na kila aliyeficha alitaka amwone huyu anaficha zaidi ili moyo wake utulie. Akaja na mgongo wake uliopinda, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaanza kutaja. Akataja nyumba na maduka. Akataja chumvi iliyomo mjini na iliyomo nje ya mji. Akataja mashimo mawili ya chumvi katika nchi ya mbali, yaliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine, ambayo hapana mtu wa Barzama aliyepata kuyasikia. Akataja hata deni alilomdai marehemu bwana wake na ambalo hakuwahi kulidai kwa wanawe. Alitaja mpaka waliosimama wakachoka, wakakaa.

Kadhi akamwambia, "Ewe Dhakwan, wewe si ndiye uliyesema kodi hii ni dhuluma?"

"Nilisema, ewe Kadhi, na bado nasema. Hamkunikinaisha. Lakini mlipoamua nilikuwa nimekaa humu, na baada ya kuamua sikuhama mjini. Kubishana nanyi ni haki yangu. Kuwaibia si haki yangu." Akageuka akamtazama Habban. "Chukua fungu lako, amini. Fungu moja katika tano. Na Mungu asikubariki katika rai yako."

Habban akalia mbele za watu, akasema, "Amin, ikiwa nimekosea."

Ikawa kama alivyosema Safura. Mafungu yalipokusanywa yalikuwa pungufu sana. Kadhi akawasihi watu waongeze kwa hiari, nao wakasema wameshaapa, hawana. Habban akauza kinu chake, kisha ngamia wake. Dhakwan, aliyekuwa amelipa alichopaswa bila kubakiza, alikwenda kuuza mashimo yale ya mbali pamoja na maduka yake, na kuleta thamani yake. Alipoulizwa kwa nini anatoa kisichodaiwa, alijibu kwa hasira, "Hiki natoa mwenyewe. Hiki hakuna aliyekipigia kura."

Pamoja na hayo hazikutosha. Tuta lilikamilika kuanzia juu ya mji hadi karibu na mtaa wa wafinyanzi, na hapo likaishia kimo cha kiuno cha mtu. Mawe yaliyopungua yalikuwa ni yale ya Zurara na wenzake. Ungeweza kusimama pale ukayaona kwa jinsi yalivyokosekana.

Theluji ikayeyuka mapema. Maji yakaja wakati wa adhuhuri, mazito na ya rangi ya udongo, yakasukuma tuta lote, nalo likasimama imara isipokuwa pale palipoachwa. Watu wakakimbilia huko na makapu na magunia ya mchanga. Habban alikuwapo. Dhakwan alikuwapo, mzee aliyepinda, akipokea magunia na kuyapanga ndani ya maji ya baridi hadi kifuani, akiwakaripia vijana jinsi ya kubeba. Waliyazuia maji kwa muda uliotosha wanawake na watoto wengi kupanda juu kwenye viwanja vya msikiti. Wengi, lakini si wote. Vikongwe kadhaa na watoto wachanga wa nyumba mbili walichukuliwa, na pamoja nao Juwayra, aliyeonekana mara ya mwisho akirudi ndani kumtoa jirani yake kipofu. Mwenyezi Mungu awapokee wote kama mashahidi.

Nyumba ya Zurara ilikuwa kilimani. Haikuingia hata unyevu.

Dhakwan alitoka majini akiwa na homa ya kifua. Habban akamchukua nyumbani kwake, kwa kuwa hakuwa na mke wala mtoto, na Safura akamuuguza. Siku yake ya mwisho alifungua macho akamkuta Habban amekaa karibu na kitanda.

"Bado nasema ulikosea," Dhakwan akasema. "Mngeweka fungu moja kwa wote, pengine wasingeficha."

"Na mimi bado nasema wewe ndiye uliyekosea. Waliodaiwa moja katika ishirini nao walificha."

Dhakwan akafikiri, akakohoa. "Hilo ni kweli," akasema. "Sikulitia hesabuni." Kisha wakacheka, wazee wawili waliofilisika, mpaka Safura akaja kuwaambia waache, kifua kisingestahimili. Dhakwan akamshika mkono mwenzake. "Kesho nitakuwa mbele ya Mwenye kujua. Nitamuuliza nani kati yetu alikuwa na haki. Pole yako wewe utakayebaki hujui." Akatamka shahada, na kabla ya alasiri akafariki.

Walikuwa bado wanamwosha marehemu, ndipo Zurara bin Hamdun akafika. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, na alikuwa amebeba sanda ya kitambaa cha thamani, kilichotiwa udi na kafuri. Akasema kwamba mtu kama marehemu hafai kuzikwa kifukara, na kwamba angependa apate thawabu ya kumkafini.

Habban alitoka mlangoni, mikono yake ingali na maji ya josho. Akaitazama sanda ile, akauliza, "Imetoka katika mali ipi, ndugu yangu? Ile uliyoapa kuwa unayo, au ile uliyoapa kuwa huna?"

Wapokezi wa kisa hiki wanasema Zurara alikikunja kitambaa chake, watu wakimtazama, akaenda zake. Kama alitubu baadaye, hakuna aliyetufikishia habari hiyo. Dhakwan alikafiniwa kwa nguo za ihramu alizohijia, akazikwa na watu wachache, kwa kuwa wengi wa mji walikuwa wakichimbua matope kutafuta watu wao. Habban aliishi miaka mingine akifanya kazi ya kibarua katika kinu kilichokuwa chake, na hakupata kusikika akimlaumu mtu.

Ndugu zangu, wanavyuoni wa Barzama waliokuja baadaye walikhitilafiana sana kuhusu wawili wale. Wako waliosema haki ilikuwa kwa Habban, mwenye nguvu abebe zaidi kwa kadiri ya nguvu zake. Wako waliosema haki ilikuwa kwa Dhakwan, kipimo kiwe kimoja na hisani iachiwe moyo wa mtu. Kila upande una dalili zake, na mimi siwezi kuamua kati ya watu wawili ambao wote walilipa. Lakini katika yote niliyoyasikia kwa masheikh wangu, sijamsikia hata mmoja aliyekhitilafiana na mwenzake juu ya yule aliyelia. Tumwombe Mola atupe kauli ambayo mikono yetu itaithibitisha, na asitufufue katika kundi la wenye macho yaliyolowa na maghala yaliyofichwa.